Moto Si Hukumu: Tuliyoyaona Katika Mwisho wa Vincenzo

 

Wasomaji wetu watukufu, juma hili tunaomba ruhusa ya kuzungumza juu ya jambo ambalo halina mazoea ya kuandikwa katika ukurasa huu, ingawa majumbani linazungumzwa kila siku: tamthilia za Kikorea. Hakuna mtaa wa bara yetu ya Mombasa, tangu Likoni hadi Kisauni na Changamwe, ambao hazijaingia. Wenye intaneti wanazitazama kwa Netflix, na wasiokuwa nayo hujaziwa flashi katika maduka ya sinema kwa pesa kidogo, kisha flashi moja ikazunguka nyumba kumi. Binti zetu wanawajua waigizaji wa Seoul kwa majina kuliko wanavyowajua majirani wa mtaa wa pili. Hili tumelisema kwa kueleza hali ilivyo, wala hatukukusudia kumlaumu mtu.

Katika hizo, moja imedumu mno. Inaitwa Vincenzo. Ilionyeshwa na kituo cha tvN cha Korea Kusini tangu Februari hadi Mei 2021, sehemu 20, kila moja ikipita saa nzima. Miaka imepita, na bado inazunguka. Baada ya darsa za akina mama tumeulizwa juu yake zaidi ya mara moja, na aghalabu swali linakuwa juu ya mwisho wake. Mlezi hawezi kutoa kauli juu ya alichosimuliwa tu, kwa hivyo tukaitazama na watu wa nyumbani, usiku baada ya Isha, penye kupitishwa tukapitisha, mpaka tukaifikia sehemu ya 20. Tulipoimaliza tulikaa kimya. Mioyo yetu ilikuwa imeridhika na kuchukizwa kwa wakati mmoja, na ndiyo maana tunaandika.

Kwa asiyeitazama, kisa chenyewe kwa ufupi ni hiki. Vincenzo Cassano ni mtoto wa Kikorea aliyelelewa Italia, akakua kuwa wakili na mshauri wa kundi la mafia. Anarudi Seoul kuchukua dhahabu iliyofichwa chini ya jumba moja kuukuu liitwalo Geumga. Ndani ya jumba hilo wamo wapangaji wanyonge: fundi cherehani, mpishi, wenye duka la kuweka rehani, mpiga kinanda, hata watawa wa Kibuddha wenye hekalu lao dogo. Kampuni kubwa iitwayo Babel inataka kuwafukuza na kulibomoa. Babel hiyo hiyo ina kiwanda cha kemikali ambacho wafanyakazi wake wanaugua saratani ya damu, nayo inawanunua viongozi wa mashtaka, waandishi wa habari na wakubwa wa serikali. Mwenye kampuni, Jang Han-seok, ni muuaji anayejificha nyuma ya sura ya kijana mpole. Mkono wake wa kulia ni mwanamke aliyekuwa kiongozi wa mashtaka, Choi Myung-hee, hodari wa sheria aliyeiuza elimu yake.

Mwanzoni mwa kisa yuko wakili mzee, Hong Yoo-chan, mtu mwadilifu anayewatetea wanyonge bila ya malipo ya maana. Huyo anauawa mapema, kwa kugongwa na lori, na tangu siku hiyo binti yake Hong Cha-young anaungana na Vincenzo. Shauri lao ni moja: waovu hawa hawashindwi kwa sheria, basi na washindwe kwa uovu uliozidi wao.

Tuanze na yaliyotupendeza, kwani uadilifu unataka hivyo. Tamthilia hii haikumpamba dhalimu. Ilionyesha jinsi dhulma inavyotendwa katika zama zetu, kwamba aghalabu dhalimu hashiki panga, bali hushika kalamu, akapiga simu, akatia saini, na mtu akafa mbali naye. Ilionyesha pia majirani. Wale wapangaji wa Geumga walikuwa watu wa kununiana na kuoneana haya ya umasikini, na taabu ikawafanya ndugu. Sisi tuliolelewa na hadithi ya Jibril kumuusia Mtume (s.a.w.) juu ya jirani mpaka akadhani jirani atarithishwa, hatukuweza kuwatazama watu wale bila ya kuwapenda.

Na katika sehemu ya mwisho yenyewe kuna jambo lililotutoa machozi. Jang Han-seo, ndugu mdogo wa dhalimu, alikuwa ameishi maisha yake yote akipigwa na kudhalilishwa na kaka yake, naye akimsaidia katika maovu kwa hofu. Mwisho akageuka. Alipomwona kaka yake ameshika bastola, alimrukia na kumshikilia ili wengine waokoke, akapigwa risasi akafa. Mtu aliyechelewa kuwa mwema alikuwa mwema kwa pumzi zake za mwisho. Mlango wa toba hauna wakati uliofungwa kabla ya roho kufika kooni, na kijana aonaye haya katika sinema huenda akayakumbuka siku atakapohitaji kugeuka yeye mwenyewe.

Kisha ikaja hukumu ya wale wawili. Choi Myung-hee, aliyeamuru kuuawa kwa mama mzazi wa Vincenzo, mwanamke mgonjwa aliyefungwa jela kwa mauaji ambayo hakuyatenda, alifungwa katika kiti, akateswa miguuni, akamwagiwa petroli na kutiwa moto huku muziki wa ngoma aliyoipenda ukipigwa. Jang Han-seok alifungwa chini ya mtambo unaozunguka kama keekee, ukimchimba kifua taratibu, ili afe polepole akijutia. Hatutaeleza zaidi, kwani jarida hili linasomwa mbele ya watoto. Vincenzo akaondoka nchini, mkono wa sheria usimfikie. Baada ya mwaka tunamwona tena, nadhifu kama alivyokuwa, ndani ya suti yake nzuri, na yule wakili binti wa mzee mwadilifu anampokea kwa mapenzi.

Hapa ndipo palipotugawanya. Nafsi ilifurahi. Tusijifanye malaika: ukimwona mtu aliyemuua mama wa mtu kitandani kwa ugonjwa, kisha akaenda kucheza ngoma, nafsi inataka aonje. Mtunzi alijua hivyo, akaitengeneza nafsi yetu kwa sehemu 19 ili katika ile ya 20 tupige makofi. Lakini petroli ilipomwagwa, sisi tunaoishi upande huu wa bahari hatukuona Seoul. Tuliona njia zetu.

Wakazi wa Kisauni na Likoni hawahitaji kuelezwa. Miaka ya karibuni tumeishi na vikundi vya vijana wenye mapanga, wengine hawajamaliza shule, wanaovamia mtaa jioni, wakamkata mwenye duka, wakamkata mpita njia, wakaichukua simu ya mama aliyetoka sokoni. Majina ya makundi hayo, kama Wakali Kwanza, watoto wetu wanayajua. Na upande wa pili tunajua kinachofuata pindi mmoja wao anapokamatwa na wananchi. Ukelele wa "mwizi!" unapigwa, mawe yanakusanyika, tairi linatokea, na mtu ambaye asubuhi alikuwa fundi au mchuuzi anatoa kiberiti. Mara nyingine aliyekamatwa ni mwizi. Mara nyingine ni kijana aliyepita njia mbaya kwa wakati mbaya, na hilo linajulikana baada ya jivu kupoa. Kuna pia vijana wa pwani waliochukuliwa, mama zao wakazunguka vituo na vyumba vya maiti bila ya jawabu. Mashirika ya haki za binadamu ya Mombasa yamelipigia kelele jambo hili kwa miaka mingi.

Kwa hivyo mwisho wa Vincenzo haukuwa kitu kigeni kwetu. Ni mwisho ambao tayari tunao, ila wa kwetu hauna muziki wala suti, na hauna mtunzi wa kutuhakikishia kwamba anayeungua ndiye aliyetenda. Katika tamthilia, kosa limeonekana kwa macho yetu kwa saa 20 na zaidi. Njiani hakuna aliyeona chochote ila ukelele. Huo ndio udanganyifu mkubwa wa kisasi cha sinema: humpa mtazamaji ujuzi wa yaliyofichika, ambao hapa duniani hakuna mwanadamu mwenye nao, kisha humfundisha kuhukumu kana kwamba anao.

Mama mmoja wa Kisauni, ambaye hatutamtaja, alitujia baada ya darsa na swali ambalo hatukuweza kulipita kwa wepesi. Mwanawe alikatwa panga akabaki na kilema cha mkono. Waliomkata wanajulikana mtaani, lakini hakuna aliyethubutu kwenda kuwatolea ushahidi, na jambo likafa. Akasema: "Sheikh, mimi nilipomuona yule mwanamke akiungua katika sinema, niliona raha ambayo sijaipata tangu mwanangu akatwe. Je, nina dhambi?"

Tulimjibu, na jibu hilo tunalirudia kwa wote. Mama yangu, maumivu ya aliyedhulumiwa si dhambi. Qur'ani imempa walii wa aliyeuawa kwa dhulma mamlaka, katika Sura ya Al-Israa, aya ya 33, na katika aya hiyo hiyo ikamwekea mpaka asipindukie. Dini yetu haikuikana haki ya kudai. Iliweka kisasi kuwa sheria, ikakitia mikononi mwa kadhi baada ya ushahidi, ikamfungulia mwenye haki mlango wa diya na mlango wa msamaha, na ikamwachia yeye achague. Yote hayo ni kwa sababu Mola wetu anajua ghadhabu ya mja wake ni ya kweli. Lakini anajua pia kwamba ghadhabu hiyo, ikiachwa bila ya kadhi na bila ya mpaka, haitambui ilipotakiwa kusimama.

Tazameni yaliyotokea Uhud, mwaka wa 3 wa Hijria. Sayyidna Hamza (r.a.), ami yake Mtume (s.a.w.), aliuawa kwa mkuki wa Wahshi, kisha maiti yake ikakatwakatwa. Wafasiri wengi wanasimulia kwamba Mtume alipomwona katika hali ile alihuzunika kwa huzuni ambayo sahaba hawajaiona kwake, na akataja kuwalipiza makureshi mara nyingi zaidi. Hapo zikashuka aya za mwisho wa Sura ya An-Nahl, zikimfahamisha kwamba anayeadhibu aadhibu kwa kadiri ya alivyotendewa, na kwamba subira ni bora kwa wenye kusubiri. Akachagua subira, na akakataza kukatakata maiti, hata maiti ya adui.

Miaka ikapita, Makka ikafunguliwa, na Wahshi akaja akiwa Muislamu. Mtume (s.a.w.) alimpokea. Lakini imepokewa katika Bukhari kwamba alimtaka, ikiwezekana, asimwonyeshe uso wake. Tukitafakari kisa hiki, tunakiona kirefu kuliko tamthilia zote. Msamaha ulitolewa, na uchungu ukabaki. Uislamu haukumlazimisha mwenye kufiwa aseme hakuumia. Ulimtaka tu uchungu wake usiwe ndio hakimu. Mama aliyetuuliza hakulazimika kumpenda aliyemkata mwanawe. Anachotakiwa ni asiitamani petroli.

Na juu ya petroli hakuna shaka. Imepokewa na Bukhari kutoka kwa Abu Huraira (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alituma kikosi na akaamrisha watu wawili, aliowataja kwa majina, wachomwe moto. Kikosi kilipotaka kuondoka, akawaita na kubadilisha amri yake, akawaeleza kwamba hapana anayeadhibu kwa moto ila Mwenyezi Mungu. Watu wawili hao walikuwa na makosa yanayojulikana, na aliyeamuru ni Mtume wa Mwenyezi Mungu. Hata hivyo moto uliondolewa mikononi mwa wanadamu. Basi vipi urudishwe mkononi mwa kijana wa miaka 19 aliyesimama kando ya barabara ya Bombolulu na kiberiti mfukoni? Na Muslim amepokea kutoka kwa Shaddad bin Aws (r.a.) kwamba Mwenyezi Mungu amefaradhisha wema katika kila jambo, hata katika kuua na katika kuchinja. Mnyama wetu wa Idi tumekatazwa kumtesa. Mtambo ule wa kuchimba kifua polepole, basi, hauna mahali pa kukaa katika dini yetu, hata mwenye kuwekwa chini yake awe muovu kiasi gani.

Hata hivyo, ndugu zetu, tukikomea hapo tutakuwa tumewaonea watazamaji. Anayempenda Vincenzo hapendi mateso kwa mateso. Anampenda kwa sababu anaamini hakuna njia nyingine. Anasema mahakama ni ya wenye fedha, mashahidi wananyamazishwa, na mnyonge akingoja haki atakufa akingoja. Hilo ndilo swali la kujibiwa, na jibu lake halitoki vitabuni peke yake. Liko hapa hapa bara, mwendo mfupi tu kutoka Changamwe.

Katika kijiji cha Owino Uhuru, Mikindani, sehemu ya Jomvu ambayo zamani ilihesabiwa Changamwe, kilifunguliwa mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari ili kutoa madini ya risasi. Moshi wake uliingia katika nyumba zilizopakana nacho ukuta kwa ukuta, na maji yake machafu yakapita katika mitaro wanamochezea watoto. Risasi ni sumu inayoingia katika damu, ikaathiri akili ya mtoto na figo za mkubwa, na kuharibu mimba. Mwanamke aliyekuwa ameajiriwa na kiwanda hicho mwaka 2009, Phyllis Omido, alimwona mwanawe mchanga akiugua pasipo sababu kujulikana, mpaka vipimo vikaonyesha ni risasi, iliyomfikia mtoto kwa maziwa ya mama yake. Wazazi mnaosoma, simameni kidogo hapo. Ziwa la mama, ambalo Mwenyezi Mungu amelifanya kuwa riziki ya kwanza ya mwanadamu, likawa njia ya sumu kwa sababu ya faida ya watu wengine.

Ni Babel yenyewe. Kiwanda, sumu, wagonjwa masikini, na wenye mamlaka wanaotazama kando. Tofauti ni hii, kwamba Owino Uhuru hakutokea mtu wa mafia. Walitokea majirani. Yule mama aliacha kazi, akaunda shirika la kutetea mazingira na haki, akakusanya vipimo vya damu na vya udongo, akaandika barua, akaandamana na wanakijiji, akakamatwa mwaka 2012, akatishwa. Kiwanda kikafungwa mwaka 2014. Mwaka 2015 akapewa tuzo ya Goldman ya watetezi wa mazingira. Mwaka 2016 wakaifikisha kesi katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa, kwa ajili ya wakazi wapatao 3,000. Tarehe 16 Julai 2020 mahakama hiyo ikawapa fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikaitengua hukumu ile, na wengi wakadhani mambo yamekwisha. Wakaenda Mahakama ya Juu, na mnamo Desemba 2024 haki yao ya fidia ikarudishwa.

Tukihesabu tangu kiwanda kilipofunguliwa, ni miaka 17. Hatutasema kwamba mwisho huu ni mtamu. Wako waliofariki kabla ya kuusikia. Mtoto aliyeharibiwa na risasi harudishwi alivyokuwa kwa hukumu ya karatasi, na hukumu kutolewa ni jambo moja, fedha kumfikia bibi wa Owino Uhuru mkononi ni jambo la pili. Kama tamthilia ingeishia hivi, watazamaji wangelalamika kwamba imepooza. Lakini pimeni mizani. Yule wa mafia, baada ya kuwachoma maadui zake, ameacha nini? Mahakama ni zile zile, sheria ni ile ile, na Babel nyingine ikitokea kesho itabidi apatikane muuaji mwingine. Mama wa Owino Uhuru na majirani zake wameacha hukumu iliyoandikwa, ambayo mnyonge yeyote wa Kenya anayetiliwa sumu anaweza kuibeba mahakamani na kusema: hili lilikwisha amuliwa. Hakuna aliyeungua. Hakuna mama aliyekuta jivu la mwanawe barabarani.

Mtume wetu (s.a.w.), kabla ya utume, alihudhuria mapatano yaliyofanywa Makka katika nyumba ya Abdallah bin Jud'an, yaitwayo Hilful Fudhul. Mfanyabiashara mgeni kutoka Yemen alinyimwa haki yake na mkubwa mmoja wa Makka, akapaza sauti, na watu wenye muruwa wakaapa kusimama pamoja na kila aliyedhulumiwa mpaka arudishiwe haki yake. Baada ya utume aliyasifu mapatano hayo, na akaeleza kwamba lau angeitwa kwayo katika Uislamu angeitika. Waliofanya mapatano yale wengi wao hawakuwa waumini, na hilo halikumzuia kuyasifu. Basi nasi hatuoni haya kumsifu mama asiyekuwa wa dini yetu kwa kusimamia haki ambayo dini yetu imeiamrisha.

Hapo ndipo tulipopata neno la kuwaambia wanaosema hakuna njia nyingine. Njia ipo, ila ina wachache wa kuipita. Yule mama wa Kisauni hakukosa mafia wa kumlipizia kisasi. Alikosa mashahidi. Mtaa mzima uliona, na mtaa mzima ukafunga madirisha. Kisha mtaa huo huo, siku mwizi wa kuku anapokamatwa, unatoka wote na mawe. Tunao ujasiri wa kuua tukiwa 200, na hatuna ujasiri wa kushuhudia tukiwa watatu. Mwenyezi Mungu katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 283, ametukataza kuficha ushahidi, na moyo wa anayeuficha ameuita wenye dhambi. Katika Sura ya Al-Maida, aya ya 8, ametuamrisha uadilifu hata kwa watu tunaowachukia. Aya mbili hizi zikishikwa pamoja, mtaa haumhitaji Vincenzo.

Hofu ya shahidi ni ya kweli, hatuidharau. Mama mjane hawezi kupanda kizimbani peke yake dhidi ya vijana wenye mapanga wanaopajua kwake. Lakini wazee kumi wa msikiti wanaweza kufuatana naye. Akina mama wa darsa wanaweza kukaa pamoja naye mahakamani Shanzu kila siku ya kesi, ili ajue hayuko peke yake na mshtakiwa ajue hivyo hivyo. Jamaa wanaweza kuchanga nauli na ada ya wakili, kama tunavyochanga kwa harusi. Na kijana wetu anayetuhumiwa, tunaweza kumpeleka wenyewe mkononi mwa sheria akiwa hai, na kusimama kuhakikisha amefika akiwa hai na amesikilizwa. Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2010 imempa kila mtu haki ya uhai na haki ya kusikilizwa kwa uadilifu. Haki hizo hazikuandikwa kwa watu wema peke yao.

Sasa wazazi mtatuuliza: je, watoto waitazame? Watoto wadogo hapana, kwani mateso yale hayawafai, na yamo mengine humo yasiyofaa. Ama vijana wakubwa, wengi wamekwisha itazama, kuwakataza leo ni kufunga zizi baada ya ng'ombe kutoka. Lililo bora ni kukaa nao. Waulizeni, nani katika kisa hiki alikuwa shujaa? Wengi watamtaja mwenye suti. Waulizeni tena juu ya mzee Hong Yoo-chan, aliyewatetea wanyonge bila ya kumuua mtu na ambaye tamthilia ilimwondoa mapema. Waulizeni juu ya Han-seo, aliyetubu. Vincenzo mwenyewe mwishoni hadai kuwa mtu mwema. Anakiri kuwa yeye bado ni muovu. Mtunzi alikuwa mkweli hapo, na kijana akisaidiwa anaweza kuusikia ukweli huo juu ya sauti ya muziki.

Na nyinyi mama zetu, ambao ndio wengi wa watazamaji na wasomaji wetu, kumbukeni kwamba katika kila moto kuna mama wawili: mama wa aliyedhulumiwa na mama wa anayechomwa. Tamthilia ilituonyesha mama mmoja, tukamlilia. Yule wa pili haonyeshwi, lakini hapa kwetu tunamjua. Ni jirani.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu, ambaye baina yake na dua ya aliyedhulumiwa hakuna pazia, awaponye walioumizwa Kisauni, Likoni na Owino Uhuru, awaongoe vijana wetu walioshika mapanga kabla hawajafikwa na kiberiti, awape mahakimu wetu uadilifu na mashahidi wetu ujasiri, na atukinge na moto wa dunia tunaouwasha kwa mikono yetu na ule wa Akhera ambao ni wake peke yake. Amin.

Wallahu a'lam.